Maswali yenu kuhusu makaratasi ya watunzi: acheni kulamineti!

Babu alikuwa anapiga kinanda kanisani, kaacha madaftari ya nyimbo za solfa (zile nota za do, re, mi). Tuyalamineti yasiharibike?

Hapana! Hili nimeshalijibu mara ngapi jamani. Ile plastiki inabandikwa kwa moto na haibanduki, na karatasi humo ndani inaendelea kuliwa na asidi yake yenyewe. Selotepu nayo hapana, gundi yake inageuka njano na kupenya kwenye maandishi. Toeni pini zenye kutu, wekeni kwenye bahasha zisizo na asidi, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, basi.

Nimeshapiga picha zote kwa simu. Naweza kuchoma madaftari?

Usithubutu. Picha haionyeshi vizuri nota iliyofutwa kwa raba wala kipande kilichobandikwa juu ya kingine, na simu zinaibiwa kila siku.

Nakala safi za nyimbo tunapeleka makavazi (panapohifadhiwa nyaraka), rasimu, barua na risiti tumetupa. Sawa?

Mmeniumiza. Rasimu iliyokatwakatwa kwa kalamu ndiyo inayoonyesha wimbo ulivyozaliwa, barua inasema alikuwa anafanya kazi na nani, na risiti ya studio inaweza kuwa ndiyo tarehe pekee mliyonayo. Mkusanyo wa Leonard Bernstein, mpiga piano na mtunzi wa Marekani, uliopo Library of Congress, maktaba ya bunge lao kule Washington, una vitu zaidi ya 400,000, na humo barua zimejaa tele, hakuna aliyesema ni takataka. Kilichobaki msikichambue wala kukipanga upya, alivyopanga mwenyewe nako ni ushahidi.

Mwalimu wa kwaya nyingine aliazima daftari la marehemu. Tumwachie tu?

Lifuateni leo. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 ule wimbo ambao muziki wake tunauimba Tanzania kwenye Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwa solfa kwenye daftari la shule, akafariki 1905, walimu wa kwaya wakawa wanaliazima, likapita mkono huu na ule mpaka likapotea. Mwaka 1996 serikali ya kwao ikatangaza kaburi lake kuwa kumbukumbu ya taifa, lakini daftari halijapatikana. Nyimbo zake nyingine nyingi zimeenda nalo! Nikikumbuka hilo nakosa raha, na bado watu wananiambia eti ni daftari tu.

Tukikabidhi, hakimiliki inahamia makavazi?

Si lazima. Karatasi ni kitu kimoja na haki ya wimbo ni kingine, iandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Baba mtunzi bado yu hai. Si uchuro kuongelea haya?

Uchuro ni kusubiri. Kaa naye jioni, washa kurekodi kwenye simu, mwulize kila picha ni nani na kila wimbo kautungia wapi, halafu uandike nyuma ya karatasi kwa penseli laini, si kalamu, wino unavuja upande wa pili.