Kisakinishi Kisipoiona Diski

SWALI: Kwako Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na nina kipakatalishi cha mtumba chenye prosesa ya Intel Core i5-1135G7 na mfumo wa Windows 10. Kwa kuwa Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nilikipeleka kwa fundi mmoja katikati ya jiji ili afute kila kitu na kusakinisha Windows 11. Alipofika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, orodha ilikuwa tupu. Alirudia kwa flashi mbili tofauti, kisha akaniambia kuwa diski imekufa na kwamba nilipe shilingi 6,500 aweke nyingine. Niliporudi nyumbani niligundua kuwa folda niliyonakili kabla ya kwenda mjini ni ya muhula uliopita. Alama za muhula huu zimo kwenye kipakatalishi peke yake. Tangu siku hiyo sijathubutu kukiwasha. Je, nilipe? – Mwalimu, Buruburu

JIBU: Mwalimu, usilipe chochote kwa sasa. Chomoa flashi, unganisha chaja, kisha ukiwashe kipakatalishi hicho kama ulivyozoea. Kisakinishi kisichoiona diski hakiwezi kuifuta, na kwa hiyo, ikiwa fundi hakubadilisha mipangilio mingine, kuna uwezekano mkubwa kwamba Windows 10 yako itafunguka ikiwa kama ulivyoiacha. Ikifunguka, nakili alama zako mara moja kwenye flashi nyingine, na safari hii fungua faili mbili tatu kutoka kwenye flashi hiyo ili uhakikishe kuwa ni za muhula huu.

Sababu ya orodha kuwa tupu nadhani imo katika jina la prosesa yako. Tarakimu 11 zinazofuata alama ya i5 zinaonyesha kuwa ni ya kizazi cha kumi na moja, na kuanzia kizazi hicho vipakatalishi vingi vya Intel huipitisha diski katika kidhibiti kiitwacho VMD. Windows iliyowekwa kiwandani huja na kiendeshi cha kidhibiti hicho, yaani programu inayoiwezesha kuwasiliana nacho, ndiyo maana ulifanya kazi miaka yote hiyo bila kujua kuwa kipo. Kisakinishi kilichopakuliwa kutoka intaneti mara nyingi hakina kiendeshi hicho, na bila hicho hakiwezi kuiona diski hata ikiwa nzima kabisa. Kubadilisha flashi hakungesaidia, kwa kuwa zote mbili zilikosa kitu kilekile. Diski mpya nayo, ikiwekwa mahali palepale, ingepitia kidhibiti kilekile na orodha ingebaki tupu.

Ili kuondoa shaka kuhusu afya ya diski, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, wakati mashine inapowaka. Dell hutumia kitufe cha F2 na HP hutumia F10. Jina la diski na ukubwa wake vikionekana humo, vifaa vyenyewe vinawasiliana, na tatizo liko kwenye programu. Visipoonekana kabisa, hapo maneno ya fundi wako yatakuwa na uzito, ingawa hata hivyo ningemwomba kwanza afungue kifuniko na kuikaza diski upya, kwa sababu mashine ya mtumba huwa imefunguliwa na watu wengi kabla ya kukufikia.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kupakua kiendeshi cha Intel kiitwacho RST kutoka kwenye tovuti ya aliyetengeneza kipakatalishi chako, kukiweka kwenye flashi ya usakinishaji, na kubofya kitufe cha kupakia kiendeshi kwenye ukurasa ule wenye orodha tupu. Wengi hukwama hapa kwa sababu huweka faili ya exe kama ilivyopakuliwa, ilhali kisakinishi hutafuta folda iliyokwisha kufunuliwa, yenye faili zinazoishia kwa inf. Njia ya pili ni kuizima VMD katika BIOS. Kwenye baadhi ya mashine za Acer chaguo hilo hufichwa mpaka ubonyeze Ctrl pamoja na S. Mimi huipendelea ya kwanza, kwa kuwa ukiizima VMD, Windows ya zamani huenda ikakataa kufunguka, na mtu ambaye bado hajanakili faili zake hana sababu ya kujitia katika hali hiyo. Isitoshe, mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa siri, idai ufunguo wake wenye tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uutafute kabla ya kugusa lolote.

Leseni isikutie wasiwasi. Ikiwa Windows 10 yako ilikuwa imeidhinishwa, Windows 11 ya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajiidhinisha yenyewe utakapoiunganisha na intaneti.

SWALI: Kwangu diski inaonekana, lakini usakinishaji hukatika katikati ukionyesha hitilafu 0x80070570. – Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Nambari hiyo ina maana kwamba faili fulani imeharibika au haisomeki. Anza na flashi. Ikiwa uliiandaa kwa kunakili faili kwa mkono kwenye mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, kumbuka kuwa FAT32 haipokei faili moja inayofikia GB 4, na faili kuu ya Windows 11 mara nyingi huupita ukubwa huo. Tumia programu ya Microsoft yenyewe ya kuandaa flashi, pamoja na flashi ya GB 8 au zaidi unayojua ilikotoka, kwani zile za bei ya kutupwa wakati mwingine huandikwa ukubwa zisiokuwa nao. Hitilafu ikirudi kwa flashi nzuri, pima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine: mashine ikiwa na vipande viwili, chomoa kimoja, jaribu tena, kisha uvibadilishane.