Re: Kuinua Suzuki Jimny inchi 2, springi na shoki zatosha?

Kaka ulouliza kama springi na shoki pekee zatosha, hapana bana. Ekseli ya mbele ya Jimny imeshikwa na mikono miwili mirefu, ukiinua gari ekseli inajizungusha kidogo, ule mwinamo wake unaorudisha stelingi (kasta) unapungua, ndo maana ukikanyaga mafuta stelingi inayumba na hairudi yenyewe, mwambie fundi akuwekee bushi za kurekebisha kasta. Paipu za breki pia, piga jeki chesisi uweke na stendi, magurudumu yaning'inie, zikivutika badilisha weka ndefu. Halafu na chumvi hii yetu ya Mombasa, popote mafundi walipochomelea wakwangue kwanza wapige redoksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu), si kupaka rangi juujuu tu. Matairi makubwa ngoja kwanza, kainjini ka 1300 katalia mlima wa Mazeras 😂