Usingoje Chanjo Kamili ya Homa ya Mafua

Kwa miaka saba ya mwanzo wa kazi yangu ya uuguzi niliwachanja wengine dhidi ya homa ya mafua huku mwenyewe nikiikwepa sindano, kwa hoja kwamba chanjo inayobadilishwa kila mwaka haiwezi kuwa ya kutegemewa. Mwaka 2009 nilijuta. Virusi vipya vya H1N1 vilitambuliwa mwezi Aprili, Shirika la Afya Duniani likatangaza janga tarehe 11 Juni, lakini dozi za kwanza zilipoanza kutolewa ilikuwa imepita takriban miezi mitano, nami nilikuwa nimekwisha kulazwa na homa hiyo kwa siku tisa.

Kuchelewa huko hakukutokana na uzembe. Chanjo nyingi za homa ya mafua hadi leo hukuziwa ndani ya mayai ya kuku, njia iliyoshika mizizi tangu miaka ya 1940, na virusi huchukua muda kuzoea yai kabla ya kuvunwa, kuuawa, kusafishwa na kupimwa. Ndiyo sababu wataalamu hukutana Februari kuchagua virusi vya chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia, na Septemba kwa ajili ya kusini, miezi mingi kabla ya msimu wenyewe. Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba viwanda vilivyotengeneza chanjo ya janga mwaka ule vilikuwa vilevile vya chanjo ya msimu. Hakuna kiwanda kinachoweza kufungwa miaka 20 kikingojea janga, kisha kikazalisha mamilioni ya dozi mara tu kinapohitajika; kinachokifanya kiendelee na kazi ni watu wanaochanjwa kila mwaka.

Wagonjwa wangu huniuliza kama si bora wasubiri ile chanjo moja itakayozuia aina zote. Huwajibu kwa mfano wa uyoga. Juu ya virusi hivi kuna protini iitwayo hemaglutinini, yenye kichwa na shina. Chanjo za sasa huifundisha kinga ya mwili kukitambua hasa kichwa, nacho hubadilika kila mara. Watafiti wanajaribu kuielekeza kwenye shina, ambalo hubadilika kidogo sana hata kati ya virusi vya msimu na vile vya ndege. Wengine wamechukua njia tofauti: mwaka 2022 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya chanjo ya mRNA (inayoupa mwili maelekezo ya kujitengenezea protini ya virusi) yenye aina 20 za hemaglutinini, ambayo iliwapunguzia ugonjwa wanyama wa maabara hata walipoambukizwa aina isiyokuwamo. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni ya wanyama, kwa hiyo unaposoma tangazo la namna hiyo tazama kwanza aliyechanjwa ni nani, kisha tazama kama kilichopimwa ni kingamwili, yaani protini za kinga, katika damu au ni watu waliougua kweli. Vitu hivyo viwili huchanganywa mno, hata na sisi tulio kazini.

Ushauri wangu mzito zaidi ni kwa wanaofuga au kuchinja ndege na nguruwe. Chanjo ya msimu haitawakinga dhidi ya H5N1, virusi vya homa ya mafua ya ndege, na asiwadanganye mtu kwamba itawakinga. Hata hivyo, inapunguza uwezekano wa mtu mmoja kubeba virusi vya binadamu na vya ndege kwa wakati mmoja, hali inayoviwezesha kubadilishana jeni. Virusi vya majanga ya mwaka 1957 na 1968 vilikuwa na mchanganyiko wa jeni za namna hiyo. Chanjweni mapema, kwa kuwa kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka.

Virusi vilivyonilaza mwaka 2009 havikutoweka. Vizazi vyake huzunguka kila msimu, na tangu mwaka 2010 H1N1 ya ukoo huo imo katika chanjo ya kila mwaka, ile ile niliyokuwa nikiikwepa.