Mawe Yangu Hayang'ai

SWALI: Shikamoo mzee. Nina akiki na yaspi ghafi, mawe ya mapambo, alizoniachia mjomba. Nimezizungusha kwenye mashine ya kung'arishia mawe wiki 4, unga mpya wa kusugulia kila wiki. Zikiwa na maji zinapendeza, zikikauka zinafifia. Nimekosea wapi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jiwe lenye maji hudanganya, maana maji hufunika mikwaruzo. Kila hatua likague likiwa kavu, juani, ndipo uamue kuendelea.

Nadhani hukuosha vizuri. Chembe moja ya unga mkubwa namba 60 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa) ikibaki kwenye ufa wa jiwe au chini ya mfuniko, itakwaruza mzigo mzima hadi mwisho. Mimi nilipoteza akiki nyekundu nzuri sana hivyo, na bado inaniuma. Sasa nasugua kila jiwe kwa mswaki wa zamani, na yenye nyufa nayatoa. Tope la unga namwaga shimoni nyuma ya nyumba, kamwe si kwenye sinki, kwani huganda bombani kama saruji.

Rudi kwenye namba 220, kisha 500, halafu unga wa kung'arishia, takriban siku 7 kila hatua. Umeme ukikatika, saa hizo usizihesabu. Pipa la mashine lijae mawe theluthi mbili, maji yakome chini kidogo ya mawe ya juu.

Na yajaribu mawe yako kwa ncha ya kisu: akiki na yaspi hazichubuki. Linalochubuka litoe, ni laini mno kukaa na wenzake.