Mbwa Wangu Huliacha Boya Ukingoni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina Labrador jike wa miezi 14, ninayemfundisha kwenye bwawa la shamba letu hapa Tengeru. Nchi kavu huniletea boya la turubai, ninalolitupa la mazoezi badala ya windo, hadi miguuni, lakini akitoka majini huliacha ukingoni ili ajikung'ute, kisha huja kinywa kitupu. Siku hizi pia hukimbia kuzunguka bwawa badala ya kuogelea. Je, mbwa wa namna hii angefaulu majaribio ya mbwa wa kuokota windo yanayofanyika Marekani?
Msomaji, Tengeru, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sasa asingefaulu, na sababu umeiandika mwenyewe: analeta boya "hadi miguuni". Katika majaribio ya American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa, yaliyoanza mwaka 1985, windo hupokelewa mkononi hata katika daraja la chini kabisa, ambako mbwa huokota mara nne, mara mbili nchi kavu na mara mbili majini. Hashindani na mbwa mwenzake. Waamuzi humpima kwa kiwango kilichowekwa, wakitoa alama 0 hadi 10 kwa kila uwezo, na ili afaulu wastani wake wote usipungue 7, wala uwezo wowote usiwe chini ya 5.

Kwa hiyo acha bwawa kwa majuma machache. Mketishe mbele yako, mpe boya kinywani, mwambie "shika", na usilipokee mpaka umemwambia "toa". Akiweza kulishika akiwa ametulia, mtembeze nalo, kisha lilowanishe, kwa kuwa boya lenye maji huwa zito na huteleza. Usimnyang'anye wala usimpigie kelele, maana mbwa anayeogopa mkono wako hataukaribia.

Mkirudi bwawani, simama penye maji ya kufika magotini, ulipokee boya kabla hajapata nafasi ya kujikung'uta. Siku zinavyokwenda, rudi nyuma hatua moja moja. Mimi niliharakisha hatua hizo kwa mbwa wangu wa kwanza, nikalazimika kuanza upya. Na vaa mabuti marefu ya mpira, kwa sababu maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho.

Kuhusu kuzunguka, mbwa wako ana akili: amegundua kwamba njia ya nchi kavu ni nyepesi. Bila shaka unatupa boya kwa mshazari, likaanguka karibu na ukingo wa pembeni. Simama ukiyaelekea maji, ulitupe moja kwa moja mbele yako, umbali mfupi, mahali ambapo kuogelea ndiko kunakomfikisha upesi, na uchague upande wenye mteremko wa taratibu ili aingie akitembea. Kwa ajili hiyo Ziwa Duluti, ingawa liko jirani yenu, nisingelichagua. Ni ziwa la kreta na kingo zake ni za ghafla mno kwa mbwa anayejifunza.