Mchumba Mchaga na maneno ya mjomba

Ndugu yangu, umechumbia binti wa Kichaga, na mjomba wako anasema Mchaga haolewi na mtu, anaolewa na hela. Mimi ni Mchaga wa Kibosho. Kwetu wabahili wapo, na watapanyaji wa kutisha wapo pia, shangazi yangu mmojawapo. Hiyo bidii ya biashara ina chanzo: vihamba, yaani mashamba ya familia kule Mlima Kilimanjaro, vimegawanywa baba kwa mwana hadi havitoshi, ikabidi vijana watoke wakatafute mjini. Na hao wanaoitwa wachoyo walianza kuuza kahawa kwa ushirika kupitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, mwaka 1933. Wewe kaa na binti kabla ya mahari, muulizane madeni, akiba, na nani anamsaidia mama. Mjomba mwalike tu, aje ale ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa harusini.