Sura ya mhusika imo kitabuni: nywele, ngozi na meno ya watu wa riwaya za kale

Mtu akiambiwa ampambe mwigizaji awe kiumbe wa riwaya ya Frankenstein, mkono wake huishika rangi ya kijani hata kabla hajauliza swali. Kijani hicho hakimo kitabuni. Kichwa bapa na vyuma vya shingoni ni kazi ya mpambaji Jack Pierce katika filamu ya 1931, na sura hiyo ilienea hata ikaifunika riwaya yenyewe. Mwandishi wake, Mary Shelley, mwaka 1818, alieleza mtu mwingine kabisa: ngozi ya manjano iliyobana hata misuli na mishipa karibu ionekane, nywele nyeusi ndefu zinazong'aa, meno meupe kama lulu, macho ya majimaji, midomo myeusi iliyonyooka. Kinachotisha pale ni uzuri kukaa uso mmoja na ubovu. Ukimchafua kila mahali, kitisho hicho kinakufa.

Kwa hiyo kazi huanza na kitabu na kalamu tatu za rangi tofauti. Rangi ya kwanza pigia mstari yale mwandishi anayosema waziwazi: nywele, macho, kovu, umri. Ya pili ni kwa yale wahusika wengine wanayosema, na hapo uwe na shaka, kwa maana adui humwona mtu kwa jicho lake. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni ya mabadiliko: katika sura ipi ya kitabu anaumwa, ipi anazeeka, ipi nywele zinakatwa. Mhusika wa Bram Stoker, Dracula wa 1897, anatokea kwanza akiwa mzee mwenye masharubu marefu meupe na nyusi nene zinazokaribia kukutana juu ya pua, kisha anaonekana akiwa kijana zaidi. Asiyepiga mstari wa tatu hujikuta na wigi moja pale panapotakiwa mawili.

Turudi kwa kiumbe wa Shelley. Changanya foundesheni ya rangi ya ngozi ya mwigizaji sehemu 3 na krimu ya manjano iliyofifia sehemu 1, upake kwa sponji yenye unyevu kwa kugongagonga. Ukiburuta, michirizi inabaki na kamera itaiona. Mishipa ichore kwa penseli ya buluu-zambarau, mistari myembamba kipajini na shingoni, kisha pitisha juu yake tabaka jepesi la mchanganyiko uleule wa foundesheni. Tabaka hilo la mwisho ndilo linaloifanya mishipa ionekane iko chini ya ngozi. Bila hilo inabaki kuwa mchoro juu ya uso. Midomo anza na zambarau iliyoiva, nyeusi iwe katikati tu, kwa sababu nyeusi tupu hufuta umbo la mdomo. Nywele zing'ae: matone mawili ya mafuta viganjani, paka kuanzia usawa wa masikio kwenda chini. Yakifika kwenye lesi ya wigi, yaani ukingo wa wavu unaogandishwa kwenye ngozi, gundi italegea na ukingo utaanza kunyanyuka mwigizaji akianza kutoka jasho.

Miss Havisham wa Charles Dickens, bibi harusi aliyeachwa siku ya harusi yake katika riwaya ya Great Expectations, ndiye anayeharibiwa zaidi na wapambaji. Huchorwa mikunjo mingi kama ajuza wa hadithi za watoto, ilhali yeye mwenyewe anamwambia mvulana Pip kwamba hajaliona jua tangu mtoto huyo azaliwe. Hiyo ndiyo ramani yako. Ondoa rangi usoni kabla ya kuongeza chochote: shusha wekundu wa midomo kwa foundesheni, futa uhai wa mashavu, kisha tumbukiza macho kwa kahawia yenye zambarau kidogo kwenye pembe za ndani na chini ya mfupa wa nyusi. Usitumie nyeusi, maana humfanya aonekane amepigwa ngumi.

Ukihitaji mikunjo halisi ya kuonwa kwa karibu, tumia lateksi ya maji, yaani mpira wa majimaji unaopakwa kwenye ngozi. Mwigizaji avute ngozi kwa vidole, wewe gonga tabaka jembamba kwa sponji, kausha kwa upepo baridi, paka poda ngozi ikiwa bado imevutwa, ndipo aachie. Tabaka mbili au tatu zinatosha. Ukiisahau poda, lateksi hujigandia yenyewe na badala ya mikunjo midogo unapata bonge. Usiifikishe kwenye nyusi, kope wala ndevu; hung'oa nywele wakati wa kuitoa. Na ijaribu ndani ya mkono saa 24 kabla, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haiwezi lateksi kabisa, na uso si mahali pa kugundulia jambo hilo.

Nywele zake ni nyeupe na bado zina maua ya harusi. Rangi nyeupe ya maji ikipakwa juu ya nywele nyeusi hugeuka ya kibuluu, hivyo itie manjano kidogo sana. Kidogo sana nasema, kwa sababu gauni lake la harusi limekwisha kugeuka manjano, na kichwa kikifanana na gauni, mtazamaji anaona lundo moja la kitambaa. Weka kishungi cha nywele kando ya kitambaa, chini ya taa zitakazotumika siku yenyewe, ndipo uamue.

Taa hizo zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Chini ya mwanga mwekundu, lipstiki nyekundu hufifia hata midomo ikatoweka. Chini ya kijani au buluu, nyekundu ileile hukaribia nyeusi na wekundu uliopakwa mashavuni huonekana kama mashimo. Muulize mtu wa taa kabla ya kununua chochote.

Kwa mwigizaji mwenye ngozi nyeusi, vivuli havifanyi kazi kubwa. Mwanga ndio unaochonga uso. Mpe uzee kwa kuinua mfupa wa shavu, taya na kingo za mikunjo kwa rangi iliyo juu ya ngozi yake toni mbili, yenye dhahabu au wekundu ndani yake. Poda nyeupe iache kabisa. Hukaa juu ya ngozi kama majivu, na kila mtu atajua ni poda.

Fantine wa Victor Hugo, mama maskini katika riwaya ya Les Misérables ya 1862, ni mtihani wa mabadiliko. Anaziuza nywele zake kwa kinyozi, kisha meno mawili ya mbele ya juu. Nywele za kuuzwa hukatwa karibu na mzizi ili mnunuzi apate urefu, kwa hiyo usimpe mkato mzuri wa mabegani. Bana nywele za mwigizaji kwa pini, vaa kofia ya wigi, anza na wigi refu la rangi ya dhahabu, halafu fupi lenye vishungi visivyolingana. Kama kati ya matukio hayo kuna muda usiotosha kubadilisha, funga kitambaa kichwani.

Meno ni kazi ya dakika tatu inayoharibika kwa haraka. Kausha jino kwa pamba, paka rangi nyeusi ya meno tabaka mbili nyembamba, midomo ibaki wazi hadi ikauke kabisa. Paka jino zima hadi kwenye ufizi. Ukiacha ukingo mweupe juu, linaonekana limeoza na si kung'olewa. Rangi inayong'aa huchukua mwanga na kujisema yenyewe, chagua isiyong'aa. Jino la bandia usiliguse kabla ya kujaribu tone moja upande wa nyuma.

Kila sura ikikamilika piga picha nne: mbele, pande zote mbili na kisogoni, chini ya taa zilezile. Andika nyuma ya kila moja namba ya onyesho, rangi zilizotumika na uwiano wake, na mahali pini zilipokaa. Ukiugua kesho, mwenzako atamjenga Fantine yuleyule bila kukupigia simu.